Tulipokuwa tukila, ngoma ilikuwa ikitusema

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tulifundishwa utotoni, nasi walimu tukawafundisha wengine, kwa kuieleza kijuujuu tu: ajapo mgeni kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba wakapata kitoweo ambacho wasingekipata siku ya kawaida. Maana yake ya ndani ni kwamba mgeni hali peke yake. Majuzi, katika mji wa Kitui, nilihudhuria karamu ambayo wageni walikuja na wenyeji wasipone. Linaloniudhi zaidi, msomaji mpenzi, ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wageni hao, tena niliulizwa swali moja dogo nikalijibu kwa uongo.

Nilikuwa nimesafiri kutoka Nairobi kuhudhuria warsha ya siku tatu juu ya ufundishaji wa lugha za mama katika madarasa ya mwanzo. Mimi ni mtu wa Makueni, ng'ambo ya pili ya mto Athi, na Kikamba ndicho nilichonyonya. Hata hivyo, nimeishi Nairobi kwa miaka mingi nikifundisha isimu, na nikifika Kitui mimi ni msafiri kama wasafiri wengine. Nikifungua kinywa tu wenyeji hutambua kwamba lahaja yangu imevuka mto. Usiku wa mwisho waandalizi wetu walitupeleka katika hoteli moja kwa chakula cha jioni pamoja na ngoma za asili. Hoteli hiyo sitaitaja jina, kwa sababu kosa lake ni kosa la wengi.

Meza zilipangwa nusu duara kuuzunguka uwanja mdogo wa saruji. Kando palikuwa na masufuria ya chakula cha kujipakulia: muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa yakapikwa pamoja na maharagwe, mbaazi, ambazo kwetu huitwa nzuu na ambazo hustahimili ardhi yetu kavu kuliko mazao mengi, nyama ya mbuzi ya kuchoma, wali kwa wale wasioweza kulala bila wali, na bakuli la asali, kwani Kitui bila asali si Kitui. Juu ya kila meza iliwekwa karatasi ya ratiba, vyakula upande wa kushoto na ngoma upande wa kulia, kana kwamba vyote vimetoka jikoni moja. Supu na wimbo wa kukaribisha. Nyama na mbeni. Matunda na kilumi, dakika tano.

Na mbeni sikuwa na ugomvi. Hii ni ngoma ya vijana, ngoma ya filimbi na sarakasi. Wavulana walijirusha hewani wakajipindua na kutua kwa miguu pale pale mdundo ulipotua, na wasichana wakatikisa mabega kwa wepesi ambao jicho halikuweza kuufuata. Jina lake linafanana mno na lile la beni, ngoma iliyozuka katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za Wazungu, kisha ikaenea Afrika Mashariki nzima. Mwanahistoria Terence Ranger aliitungia beni kitabu mwaka 1975. Ngoma za namna hii ni za kushindana na kujionyesha. Ukizitazama huku unatafuna, hujaziharibia kitu, nao vijana walitoka uwanjani wakitabasamu.

Lakini kilumi si mbeni. Kilumi ni ngoma ya akina mama watu wazima. Wenyewe ndio wapigao ngoma. Ngui, yaani mwimbishaji na mtunzi, huanza, wenzake wakaitikia, na mwendo wake hupanda polepole kama mtu anayekwea kilima na mtungi wa maji kichwani. Kwa asili ilichezwa mvua ilipokawia, au mtu alipopatwa na maradhi yaliyodhaniwa kuwa yametoka kwa aimu, yaani roho za waliotangulia. Ilihusiana na ithembo, mahali pa kutambikia, na iliweza kukesha. Marehemu Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango huko huko Kitui mwaka 1931, alieleza katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika wa jadi hapakuwa na mpaka kati ya mambo ya ibada na mambo ya kila siku. Kilumi ni shahidi wa maneno hayo. Kuipachika kati ya papai na chai kwa dakika tano ni sawa na kumwomba padri asome misa huku waumini wakichokoa meno.

Waliingia akina mama kumi na mmoja. Ngui wao alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Maneno ya kwanza yalikuwa ya kawaida: salamu kwa wageni, salamu kwa nchi. Kisha, bila sauti kubadilika wala mdundo kubadilika, maneno yakabadilika. Alisema kwamba moshi wa nyama umekuwa ukiwafikia nyuma ya nyumba tangu jua likiwa juu. Alisema kwamba mbuzi huyu wanamjua, maana amechungwa na watoto wao. Aliwauliza wageni wenye mikono safi kama waliwahi kuona ngoma isiyokuwa na tumbo. Wenzake wakaitikia, tena na tena, kwamba ngoma ina tumbo, ngoma ina tumbo.

Niliwaona wahudumu wawili, vijana wa papo hapo, wakigeukia ukutani ili kuficha kicheko. Wageni walikuwa wakipiga makofi kufuata mdundo.

Kando yangu aliketi profesa mmoja kutoka Ulaya, mama muungwana aliyekuwa ameniuliza maswali mazuri siku zote tatu za warsha. Aliniinamia, kalamu mkononi, akaniuliza wanaimba nini. Nilikuwa na kipande cha nyama ya mbuzi kinywani. Nilikimeza, nikasema: "Wanatukaribisha." Akaandika katika daftari lake.

Msomaji, mimi ni mwalimu wa isimu. Nimewakata wanafunzi alama kwa makosa ya tafsiri yaliyo madogo mara mia kuliko hilo. Nimesimama mbele ya madarasa nikasema kwamba mfasiri ni daraja, na kwamba daraja halichagui nani avuke. Usiku ule nilijiambia kwamba ninawasitiri wenyeji wangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa najisitiri mimi mwenyewe, kwa kuwa sahani iliyokuwa ikisemwa ilikuwa yangu.

Baada ya chai nilipitia jikoni nikatokea nyuma. Niliwakuta akina mama wale wameketi kando ya ngoma zao, wakisubiri pikapu ya kuwarudisha kijijini. Nilimwamkia ngui kama inavyotupasa kuwaamkia wazee, naye akaniitikia.

"Wewe ulinisikia," akasema. Hakuwa akiuliza.

"Nilikusikia, mwaitu," nikajibu, nikimwita mama kama desturi yetu ilivyo.

"Nilikuona. Wenzako walipiga makofi, wewe ukaacha kutafuna. Yule mgeni mwenye daftari alikuuliza nini?"

Sikuona njia ya kukwepa. Nikamweleza swali, nikamweleza na jibu langu. Alinyamaza kidogo, akawaangalia wenzake, kisha akasema: "Basi wimbo ulifika kwako, ukafia hapo."

Wenzake walicheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

Habari zao nilizipata kwa vipande. Walifika hotelini saa nane mchana, maana gari lilipatikana saa hiyo. Walipewa chai na mkate. Malipo waliafikiana na kijana mmoja wa mjini aliyewaleta, na kijana huyo ndiye aliyeafikiana na hoteli; kati ya mapatano hayo mawili palikuwa na shimo ambalo kina chake hawakukijua. Kila mmoja wao angepata shilingi 300. Chakula hakikuwamo katika mapatano ya upande wowote. Sikuona pale mtu mmoja mwovu wa kunyooshewa kidole. Niliona kila mtu amedhani kwamba mwenzake amekumbuka, na sisi tuliokuwa mezani hatukudhani lolote.

Nilimwuliza kama haimuudhi kuicheza kilumi mahali kama pale.

"Mwanangu," akasema, "kilumi tuliiacha nyumbani. Hapa tumeleta miguu yake tu." Akanieleza kwamba zipo nyimbo ambazo haziimbwi mbele ya watu wanaokula, na ipo ngoma ambayo haipandi gari. Wanaotaka miguu watapewa miguu, nao walipe. Kisha akaniangalia usoni. "Mimi nina mjukuu kidato cha pili, na karo haingoji mvua. Nasikia nyinyi wasomi huandika magazetini. Usiende kuandika kwamba hoteli zituache. Andika kwamba tule kwanza."

Hayo ndiyo ninayoyaandika leo.

Niwieni radhi sasa nirejee kidogo kwenye kazi yangu, ambayo ni kazi ya maneno. Katika Kiswahili ngoma ni chombo kile kipigwacho, ni uchezaji wenyewe, na ni shughuli nzima pamoja na watu wake. Na zipo pia ngoma za pepo. Kwa jirani zetu Wakikuyu neno hilo hilo, ngoma, ni roho za wafu. Katika Kikamba neno wathi hubeba wimbo na mchezo wake kwa pamoja. Lugha zetu hazikuona haja ya kuvitenga vitu hivi. Tena katika ngoma yupo aanzaye na wapo waitikiao. Mtazamaji, kwa maana ya mtu aliyelipa ili akae kando anyamaze, ni mtu wa uwanja wa mpira na wa jukwaa la maigizo. Hata katika taarabu ya pwani, ambako watu hukaa vitini wamejipamba, mwenye kuguswa na ubeti huinuka akaenda kumtuza mwimbaji mbele ya macho ya watu. Kutuza kule ni jibu. Aliyekaa kitini amesema: nimesikia, na maneno haya yananihusu.

Wala ngui yule hakufanya utovu wa adabu. Wakamba wana nyimbo ziitwazo myali, ambazo kazi yake ni kumsema aliyekosa mbele ya jamii ili ajirekebishe. Asemwaye hatajwi jina daima, lakini hujitambua. Mama yule alitumia haki ya kale ya kazi yake: alitusema. Kasoro ni kwamba tulikuwa viziwi, na yule mmoja aliyekuwa na masikio alikuwa na nyama kinywani.

Kesho yake nilishika njia ya Mutomo na Ikutha kwenda kumwona mama yangu, nikiwa na saa nyingi za kufikiri. Najua wapo wasomi wenzangu watakaosema kwamba dawa ni kuzikomesha kabisa ngoma za mezani, zibaki vijijini zikiwa safi. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Ngoma zetu zilianza kuhamishwa zamani sana, kabla ya hoteli. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limewazoesha wanafunzi wetu kuzicheza ngoma za jadi mbele ya waamuzi wenye saa na kalamu. Bomas of Kenya ilipoanzishwa mwaka 1971, kundi moja la wachezaji wa taifa lilifunzwa ngoma za jamii nyingi, Mluhya akacheza ya Mkamba na Mkamba akacheza ya Mmijikenda. Vijana wa leo huenda wanaijua Bomas zaidi kwa kujumlishiwa kura za urais za mwaka 2013, 2017 na 2022. Lakini wazazi wao walipelekwa pale na shule wakaona, wengine kwa mara ya kwanza, kwamba jirani naye ana ngoma. Hiyo ilikuwa faida, na hatuwezi kuikana. Kila hatua ya safari hii imetupa kitu na imetunyang'anya kitu.

Karamu ya aina hii nimewahi kuila mbali zaidi. Nilipokwenda Kambodia kwa kongamano la lugha, tulipelekwa usiku mmoja katika mji wa Siem Reap, karibu na mahekalu ya kale ya Angkor, kula chakula huku wasichana waliovaa mataji ya dhahabu wakicheza ngoma ya Apsara. Walipinda vidole nyuma mpaka nikaogopa vitavunjika. Ile ni ngoma iliyolelewa katika kasri ya wafalme. Kati ya mwaka 1975 na 1979, utawala wa Khmer Rouge ulipoiangamiza nchi ile, walimu na wachezaji wengi wa ngoma hizo waliuawa au walikufa kwa njaa na kazi za sulubu. Wachache waliosalia ndio walioanza upya, wakifundisha watoto kwa kukumbuka kwa miili yao, na mwaka 2003 UNESCO ikaitangaza ngoma ya kasri la Kambodia kuwa urithi wa binadamu wote. Nilipojua habari hizo sikuweza tena kuidharau meza ya Siem Reap. Kijana aliyefunzwa miaka mingi anahitaji mahali pa kula jasho lake. Ila nilijifunza pia kwamba ngoma ile haikufufuliwa na meza. Ilifufuliwa na walimu waliobaki nayo nzima. Meza hupewa kipande tu.

Ndivyo alivyoniambia yule ngui kwa maneno machache kuliko yangu: miguu huenda hotelini, kilumi hubaki nyumbani. Swali la pekee lililobaki ni nani anayeamua kipande kipi kikatwe, na kwa bei gani.

Kwa upande wa sheria hatuna udhuru. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani, hivyo Kitui na Makueni zina mamlaka ambayo wilaya za zamani hazikuwa nayo. Mwaka 2014 ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho, kule magharibi, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Yote hayo ni mema. Lakini karatasi ya Paris na karatasi ya Nairobi hazijafika nyuma ya jikoni lile.

Kwa hiyo nasema mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kamati. Kwanza, mapatano yafanywe na kundi lenyewe, yaandikwe kwa lugha wanayoisoma, na kiasi anachotoa mwenye hoteli kijulikane na mwenye kucheza. Pili, wachezaji wale kabla ya kucheza, tena chakula kile kile wanacholishwa wageni. Tatu, wenyewe waseme ngoma ipi inafaa mezani na ipi haifai, na wapewe muda unaoitosha. Dakika tano zinatosha kuchemsha yai, hazitoshi kilumi, hata ikiwa ni miguu yake tu. Nne, awepo mtu wa kufasiri maneno kwa wageni, na mtu huyo asiwe mwoga kama mimi. Mgeni aliyesafiri kutoka mbali hakuja kudanganywa. Akiambiwa kwamba wimbo unamsema, huenda akaona haya kidogo, lakini atakuwa ameihudhuria ngoma.

Nilivuka Athi nikafika Kibwezi, nikaingia barabara kuu ya Mombasa, na mchana nikasimama Makindu. Wasafiri wa njia ile wanalijua hekalu la Makalasinga, lililojengwa mwaka 1926, ambako kila apitaye hupewa chakula bila kuulizwa dini wala kabila wala fedha. Nilikula dengu na chapati. Nilimwona aliyenipakulia akiketi baadaye, akala dengu zile zile. Hakuna ngoma iliyochezwa, lakini nilikumbuka masufuria ya Kitui, nikaona jinsi jambo lenyewe lilivyo rahisi.

Mama yangu anaishi chini ya kilima cha Nzaui. Hapo Nzaui ndipo Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipofungua kituo chao cha kwanza mwaka 1895; Scott mwenyewe alifariki Desemba 1896, lakini kanisa lilibaki. Mama amelelewa katika kanisa hilo. Katika utoto wake, ngoma za jadi zilihesabiwa pamoja na pombe na uganga, na mtoto aliyeonekana kwenye kilumi alitengwa na wenzake Jumapili. Bibi yangu, mama yake, aliicheza kabla ya kubatizwa. Mama aliiona mara moja tu, kwa kujificha nyuma ya ghala, akachapwa kwa kuiona.

Jioni ile nilimsimulia yaliyotokea. Alisikiliza huku akichambua kunde. Nilipofika kwenye maneno ya ngui niliyarudia kama yalivyokuwa, kwa Kikamba cha Kitui, na nadhani niliyaimba kidogo bila kukusudia. Nilipofika kwenye swali la ngoma isiyo na tumbo, mama, mwanakwaya wa kanisa kwa zaidi ya miaka hamsini, aliitikia. Sauti ilikuwa ndogo, macho yako kwenye ungo, lakini aliitikia mahali panapostahili na kwa mdundo unaostahili. Kisha akanyamaza, kama mtu aliyeshtuka kujisikia.

"Na yule mgeni," akaniuliza baadaye, "ulimwambia kweli?"

Nikasema sikumwambia.

"Mwandikie basi. Usimwache akaondoka na uongo wako kwenye mfuko."

Nimemwandikia. Nilimfasiria maneno ya ngui moja baada ya moja, pamoja na moshi, mbuzi na tumbo la ngoma, nikamweleza pia kwa nini siku ile nilisema lile nililolisema. Alinijibu baada ya siku mbili. Alisema kwamba ameifuta ile sentensi daftarini na kuandika nyingine, na akauliza maswali mawili: wale akina mama walifika nyumbani saa ngapi, na je, mtu akitaka kumtuza ngui wa Kitui, hufanyaje?

La kwanza sikuweza kumjibu, maana niliondoka kwenda kulala kabla pikapu haijafika. La pili nimemjibu. Mwezi ujao nitarudi Kitui kwa shughuli za warsha ile ile, na waandalizi wameniomba niwachagulie mahali pa kula. Nimewaambia kwamba nitachagua, ila nipewe kwanza nafasi ya kuzungumza na akina mama wa kilumi. Wageni na waje. Safari hii mwenyeji naye apone.